Kamusi ya Kiingereza cha Mitaani na Vijijini: Tathmini ya Dictionary of American Regional English

Mfasiri anayeshughulikia hadithi za Kimarekani zenye mazungumzo ya watu wa vijijini huona upesi kwamba kamusi za kawaida zinamwacha njiani. Kwa kazi hiyo ninapendekeza, tena kwa moyo wote, Dictionary of American Regional English, ambayo Harvard University Press iliichapisha kwa juzuu sita kati ya mwaka 1985 na 2013.

Ubora wake umetokana na jinsi ilivyokusanywa. Kuanzia mwaka 1965 hadi 1970, watafiti waliotumwa na Frederic Cassidy wa Chuo Kikuu cha Wisconsin-Madison walizunguka Marekani kwa magari, wakawahoji watu 2,777 katika jumuiya 1,002 kuhusu vyakula, wadudu, hali ya hewa, maradhi na hata michezo ya watoto. Ndiyo maana neno huelezwa pamoja na mahali linaposemwa na watu wanaolisema, na mara nyingi huwekewa ramani ambayo ukubwa wa kila jimbo hufuata wingi wa watu badala ya upana wa ardhi. Mtazame kereng'ende: kaskazini wapo wanaomwita darning needle, yaani sindano ya kushonea matobo ya nguo, kusini huitwa snake doctor, mganga wa nyoka, na kwingineko mosquito hawk, mwewe wa mbu.

Msomaji wa Kiswahili atavutiwa zaidi na goober, jina la karanga katika majimbo ya kusini. Asili yake ni nguba, neno la Kikongo na Kimbundu, lugha za Kibantu zilizovuka bahari pamoja na watu waliouzwa utumwani. Neno hilo limedumu vinywani mwa watu kwa vizazi vingi, na kamusi hii inalipa heshima ileile inayoyapa maneno yaliyotoka Uingereza, jambo ambalo kwangu ni sifa yake kubwa kuliko zote.

Wahojiwa wengi walikuwa watu wazima na wazee, kwa hiyo misimu ya vijana wa leo isitafutwe humo. Bei nayo ni kubwa kwa mwanafunzi, na toleo la mtandaoni, lililofunguliwa mwaka 2013, lilianza kwa usajili wa kulipia. Idara ya tafsiri ya chuo chochote ingefanya vyema kuinunua kwa ajili ya maktaba. Anayeweza kumudu juzuu moja tu aanze na ya pili, yenye herufi D hadi H.