Utepe wa butili wenye foili kwenye maungio ya slabu na ukuta

Nyumba nyingi za Dar es Salaam zimeongezewa jiko au stoo upande wa nyuma, na juu yake fundi amemwaga slabu bapa inayoishia kwenye ukuta wa zamani bila kufungamana nao. Maungio hayo ndiyo yanayovuja masika yakiingia. Nyongeza ina msingi wake na hutitia kivyake. Tena slabu hupigwa na jua kuliko ukuta, na zege la urefu wa mita 10 likipanda joto kwa nyuzi 30 hurefuka kwa takriban milimita 3. Saruji inayosukumizwa ndani ya ufa kwa mwiko haivumilii mwendo huo, na kwa sababu hiyo niliamua kuujaribu utepe wa butili wenye foili ya alumini.

Butili ni aina ya mpira laini unaonata ambao hubaki mnyumbufu kwa muda mrefu, na foili iliyo juu yake huukinga na jua. Utepe wa lami, unaouzwa kwa bei nafuu zaidi, hulainika kwenye joto la mchana na kuanza kuchuruzika kingoni. Kwa paa la pwani sioni sababu ya kuuchagua.

Kwenye zege lililosuguliwa kwa brashi ya waya, likafutwa vumbi, likakauka na kupakwa praima (kimiminika cha kusaidia gundi ishike), utepe ulishika barabara hata ikahitajika kisu kuubandua. Hali ilikuwa tofauti kabisa kwenye plasta yenye rangi ya maji: utepe ulitoka na rangi yenyewe, kwani gundi ilikuwa imeshika rangi, na rangi haikuwa imeshika ukuta. Fundi anayekwambia kukwangua rangi ni kupoteza muda anajihurumia yeye, si nyumba yako. Praima, kwa bahati mbaya, inauzwa kando.

Kasoro kubwa ni upana. Utepe wa sentimita 10, ambao ndio rahisi kuupata, ukikunjwa katikati hupanda ukutani sentimita 5 tu, ilhali kinga ya maungio ya namna hii inatakiwa kupanda walau sentimita 15 juu ya uso wa paa. Ni heri kutafuta utepe wa sentimita 30, kisha kuijaza kwanza kona kwa mchanga na saruji katika umbo la mshazari, kwa sababu utepe unaokunjwa kwenye pembe kali huacha uwazi nyuma yake, na hapo ndipo unapopasuka slabu inapovuta.

Hata huo mpana hautoshi peke yake. Maji yanayoteremka ukutani hupenya nyuma ya ukingo wa juu, jambo ambalo maelezo ya kwenye boksi hayakuligusa hata kidogo. Dawa yake ni kukata mfereji wa kina cha milimita 25 kwa grainda, kuchomeka humo bati lililokunjwa lifunike ukingo huo, na kujaza mfereji kwa silanti ya poliyurethani, yaani gundi nyumbufu ya kuzibia mianya. Kopo la mililita 300 hutosha mita 3 za mfuo wa milimita 10 kwa 10. Silikoni ya bafuni, ile yenye harufu ya siki, haishiki vizuri kwenye saruji, ingawa wauzaji huitoa kwa kila tatizo.

Kwa maungio yaliyotayarishwa hivyo ningeununua tena bila kusita. Nisingemshauri mtu aununue ikiwa ukuta wa juu una nyufa, kwa maana maji yatapita ndani ya tofali na kutokea chini ya utepe, wala ikiwa slabu haina mteremko na maji hutuama kwenye kona. Huko fedha iende kwanza kwenye kusawazisha paa ili lishuke kuelekea bomba angalau sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita.