Kamba za kufungia boti gatini: kabla ya kuuliza unene, uliza itasuguana na nini

Tangu kusi ianze kuvuma, wasomaji wanaolaza boti zao Mtwapa na Kilifi wananiletea lalamiko moja: kamba mpya, nene, imekatika usiku, na asubuhi boti imekutwa ikijigonga ubavu kwenye gati. Nikiomba picha naona kamba imekatikia pale pale kila mara, yaani pale inapopita ukingo wa boti, kwenye kile kichuma cha kuipitishia au kwenye kona ya faibaglasi. Fundo ni zima, na katikati ya kamba ni pazima. Dukani muuzaji aliuliza boti ina futi ngapi, akataja unene na kilo ambazo kamba inabeba, akapokea pesa. Habari ya msuguano haikuzungumzwa.

Ndiyo maana humu sijadili rangi, na nguvu ya kamba naigusa kidogo tu. Kwa boti ya injini isiyozidi futi 27 hivi chukua milimita 10, na kuanzia hapo hadi futi 36 chukua 12. Usidanganyike kwamba nene zaidi ni salama zaidi. Kamba nene mno haivutiki, kwa hiyo kila wimbi la boti inayopita linafika moja kwa moja kwenye pembe za chuma za kufungia, na skrubu zake zinaanza kulegea kwenye sitaha.

Turudi kwenye zile picha. Nyuzi za nje zimefumka manyoya, hilo kila mtu analiona. Tazama za ndani: zimegandana, ngumu, zinang'aa. Hizo zimeyeyuka. Nailoni ikivutwa na kuachiwa usiku kucha hupata joto kwa nyuzi zenyewe kusuguana, na pale ukingoni ndipo joto linapokusanyika. Sasa muuzaji anakukatia kipande cha paipu ya mpira, anakuambia uivalishe kamba ili isilike. Paipu ile inazuia ukingo usikwaruze, ni kweli, lakini inazuia pia maji ya mvua na ya mawimbi yasiipoze kamba, na joto linabaki ndani. Unachotaka ni ngozi iliyoshonwa kwa mkono kuizunguka kamba, au mkanda wa nailoni uliofumwa kama mfuko, kitu kinachopitisha maji. Kiwe kirefu, kivuke ukingo pande zote mbili hata kamba inapovutika, na kishonwe kisiteleze.

Kwa kipimo hicho, hivi ndivyo ninavyozipanga.

Ya kwanza, na sina haja ya kujifanya sina upande, ni nailoni ya kusokotwa nyuzi tatu ya New England Ropes, ya Marekani. Nailoni huvutika kuliko poliesta, na ule usokotaji unaongeza mvutiko, hivyo boti inasimamishwa taratibu badala ya kusimamishwa ghafla. Ikilowa hupoteza nguvu kidogo, kama asilimia 10 hadi 15, jambo lisiloleta shida ukichagua unene niliotaja. Faida kubwa zaidi ni kwamba madhara yake yanaonekana. Zile nyuzi tatu ziko nje zote; ukizifungua kidogo kwa vidole unaona hadi moyoni kama kumeanza kuyeyuka. Na kitanzi chake anaweza kukisokota baharia yeyote wa jahazi, Lamu au Mji wa Kale Mombasa, kwa mikono na kijiti kilichochongoka. Mwambie apitishe kila uzi angalau mara 5, kwa sababu nailoni inateleza kuliko mkonge.

Ya pili ni nailoni ya kusukwa, yenye gamba na moyo, kama za Samson na Yale Cordage. Ni laini mkononi, haijipindi, na gamba lake linavumilia kukwaruzwa. Naiweka ya pili kwa sababu gamba linaficha moyo. Unaweza kuikagua kila wiki ukaona nje pazuri huku ndani pamegandana. Kitanzi chake pia kinataka zana na ujuzi ambao si kila fundi wa pwani anao.

Ya tatu ni poliesta. Marlow ya Uingereza wanayo Blue Ocean Dockline, iliyotengenezwa kwa plastiki ya chupa zilizorejelewa, na ni kamba nzuri kweli. Poliesta inastahimili jua na msuguano kuliko nailoni, na ikilowa nguvu yake haipungui. Tatizo ni kwamba inavutika kidogo. Gati lako likiwa ndani kabisa ya hori, mahali maji yametulia, ichukue bila wasiwasi. Likiwa karibu na mlango ambako boti za uvuvi zinapita zikiwa zimefungulia injini, rudi kwenye nailoni.

Manila ya plastiki (polipropilini), ile ya buluu au ya kijani, inatosha kufungia mbuzi. Jua letu linaila hadi inatoa unga.

Hapo sasa ndipo kero yangu na wauzaji inapoanzia. Kuna maduka yanauza manila nyeupe kwa jina la nailoni, kwa bei ya nailoni. Omba kipande cha sentimita chache, kitie kwenye glasi ya maji, kikamue hewa yote itoke. Nailoni inazama, poliesta inazama. Kikielea, umeuziwa manila ya plastiki, na muuzaji akikataa kukukatia kipande umeshapata jibu.

Halafu zile seti. Pakiti ya kamba nne zilizolingana urefu, imefungwa vizuri, bei ya kuumiza. Boti inayolala gatini inahitaji kamba sita: mbili za omo (mbele), mbili za tezi (nyuma), na springi mbili za kuizuia isiende mbele na nyuma. Za omo na tezi zinatosha zikiwa theluthi mbili ya urefu wa boti. Springi inataka urefu wa boti nzima. Pakiti ile inakupa nne za kimo kimoja, halafu unarudishwa dukani kununua mbili nyingine, na vitanzi unalipia tena. Nunua kwa mita kutoka kwenye roli. Za tezi ongeza kidogo, uzipishanishe, ya kulia iende kona ya kushoto ya gati na ya kushoto iende kulia. Kamba ikiwa ndefu inavutika zaidi, na injini za nyuma hazigongi.

Kitanzi kikae kwenye boti na urefu urekebishiwe gatini. Ukifanya hivyo, sehemu inayopita ukingoni haihami, na ngozi uliyoishona inabaki mahali pake. Anayerekebishia kwenye boti anahamisha jeraha kila siku, na ngozi inabaki imekaa pasipo na kazi.

Yote haya ni kwa gati la kuelea, linalopanda na kushuka pamoja na boti. Kwa gati la nguzo, bamvua (maji makuu ya mwezi mpya na mwezi mpevu) la pwani yetu linaweza kupwa na kujaa zaidi ya mita 3, na vipimo vya hapo juu havifai: kamba ndefu zaidi, na ngozi ndefu zaidi, kwa sababu maji yakipwa kamba inakaba ukingo kutoka juu na yakijaa inaukwaruza kutoka pembeni. Muuzaji akikuuzia seti ileile kwa magati yote mawili, mwachie.