Taa ya pangaboi: LED ya kujengewa au ya balbu?

Kununua, seti ya balbu kwa kawaida ni nafuu. Balbu ikiungua unabadilisha mwenyewe, na ukitaka mwanga wa njano badala ya mweupe, ni kununua balbu nyingine tu. LED ya kujengewa, yaani taa iliyounganishwa moja kwa moja ndani bila balbu ya kutoa, huishi miaka mingi, lakini ikifa unahitaji kibao chake hasa, lile bamba lenye vitaa vyake. Kikikosekana, unang'oa seti nzima.

Kwa mtikisiko LED inashinda waziwazi. Pangaboi lisilokaa sawa hulegeza balbu na kugonganisha vioo, kelele inayoudhi usiku kuliko feni yenyewe. Tena LED ni bapa: dari ikiwa fupi, vikombe vya vioo vinavyoning'inia vitakutana na kichwa cha mtu.

Sebule pana yenye dari ndefu hufaidi balbu tatu au nne. Chumba kidogo cha kulala kinatosheka na LED moja.

Lolote utakalochagua, fungua kwanza kifuniko cha chini cha feni. Si kila feni ina waya wa taa. Na taa usiiunge kwenye rigaleta ya mwendo wa feni. Iwe na swichi yake.