Kamba ya "mita 70" niliyokodi kwenda Siurana: nyota moja, na hiyo moja ni ya mwamba

Naanza na hesabu, hasira zinakuja. Kamba ya mita 70 inamshusha mtu kutoka mita 35, si zaidi, kwa sababu inatoka kwa mshika kamba aliye chini, inapita kwenye mnyororo uliofungwa juu ya njia, kisha inarudi chini na mpandaji. Kamba niliyokodi ilikuwa na mita 64. Nusu yake 32. Njia tuliyopanda kwenye mwamba wa Siurana, Katalunya, Hispania, ilikuwa ya mita 33. Ni mita moja tu hiyo, lakini ndiyo inayoninyima usingizi.

Kampuni siitaji jina. Haiko Siurana, wala Cornudella de Montsant kule chini ya mlima. Ni wale wa kuchukulia vifaa ukitoka uwanja wa ndege, unasaini karatasi, unabeba mfuko, unaondoka. Mfuko umeandikwa 70 kwa wino mnene. Mfuko haukukosea, kamba ilipotiwa ndani mara ya kwanza ilikuwa 70 kweli.

Sina ugomvi na kukata ncha za kamba. Mita chache za mwisho ndizo zinazofungwa kiunoni na ndizo zinazokula mishtuko ya kuanguka. Ganda la nje linaota manyoya, kiini cha ndani kinalegea, kwa hiyo unakata mita mbili tatu, unachoma ncha kwa moto isifumuke, kazi inaendelea. Kila mwenye kamba hufanya hivyo. Ugomvi wangu ni kukata upande mmoja tu, tena na tena, halafu kuacha alama nyeusi ya katikati palepale ilipotoka nayo kiwandani.

Angalia inavyoua. Kamba ya 70, alama kwenye 35, umekata mita 6 ncha moja. Alama sasa iko mita 35 kutoka ncha nzima na mita 29 kutoka ncha iliyokatwa. Mpandaji akijifunga ile iliyokatwa, alama inamfikia mshika kamba mapema, anapiga kelele "nusu hiyo!", mnashuka mkinung'unika lakini mko wazima. Akijifunga ncha nzima ndiyo balaa. Amefika juu, mita 33, na alama bado haijamfikia mshika kamba, kwa hiyo huyu wa chini ana uhakika kwamba kamba ipo ya kutosha na ziada. Haipo. Upande wake zimebaki mita 31, na za kumshushia mwenzake zinatakiwa 33.

Mwenzangu alikuwa amejifunga ncha nzima. Mshika kamba nilikuwa mimi.

Kilichotuokoa ni fundo la mwisho wa kamba, lile ambalo wenye haraka huliona la waoga. Lilifika kwenye breki, kifaa cha kiunoni mwangu kinachobana kamba, likakwama, naye akaning'inia mita moja na nusu hivi kutoka chini (uzito wa mtu hurefusha kamba kidogo, vinginevyo zingekuwa mbili). Likikukuta, mshika kamba asogee mpaka kwenye shina la ukuta na apande jiwe kama lipo. Kila hatua anayosogea inamshusha mwenzake. Usilifungue fundo "kidogo tu" ili mtu afike. Mita moja na nusu haitishi, najua. Ila Siurana ina njia za mita 35, na kwenye hizo kamba ileile ingepungua mita 6, na chini si godoro.

Sasa, ukaguzi ambao ningeufanya palepale kaunta kama akili ingekuwa nyumbani. Mimina kamba yote. Shika ncha mbili pamoja, zivute sambamba mkononi mpaka ufike kwenye kikunjo: hapo ndipo katikati ya kweli. Alama isipokuwa hapo, kamba imekatwa, hakuna mjadala. Tazama ncha zenyewe. Ya kiwandani ina kijikaratasi kilichobanwa chenye unene na urefu. Iliyokatwa ina donge la nailoni iliyoyeyuka. Kisha pima kwa pima, kama wanavyopima mshipi wavuvi wetu. Mikono yangu ikitanda ni mita 1.75, kwa hiyo kamba ya 70 ni pima 40 kamili. Ile ilitoa pima 36 na nusu. Dakika tano, na hizohizo unazitumia kuikanda kwa vidole ukitafuta mahali laini, ambapo kiini kimevunjika.

Watakwambia kamba husinyaa. Ni kweli, hasa ikilowa na kukauka mara nyingi. Lakini inasinyaa pande zote, alama haihami.

Haya, na kosa langu? Lipo. Karatasi niliyosaini inasema mkodi amekagua vifaa. Sikukagua, nilichungulia. Ukizoea Lukenya, miamba ya kwetu Kenya ambako njia nyingi ni fupi, urefu wa kamba si kitu kinachokuamsha usiku. Kwa hiyo pengine nyota mbili. Sijui. Ngoja niseme ya mwamba kwanza, moyo upoe.

Siurana wakati wa baridi ni tamu, na baridi yenyewe ndiyo sababu. Kijiji cha mawe kimekaa ukingoni mwa genge, zaidi ya mita 700 juu ya usawa wa bahari, na kuta za chokaa zinakizunguka kama sahani. Hewa ikiwa kavu na baridi, vidole havitoi jasho na raba ya kiatu inang'ang'ania. Nenda kwenye kuta zinazotazama kusini, jua likiwepo utavua sweta. Likikata kona tu, mshika kamba anatetemeka, kwa hiyo koti zito ni lake, si la mpandaji. Mwezi wa Desemba saa kumi na moja na nusu jioni giza limeshaanza, taa ya kichwani iwe mfukoni. Kwikidro 16, zile klipu pacha za kuunganisha kamba na bolti za ukutani, zinatosha njia nyingi. Beba na fimbo ya kuklipia kamba ukiwa bado chini, maana bolti ya kwanza mara nyingi iko juu kuliko unavyopenda. Na shusha kiburi: madaraja ya ugumu ya pale ni makali, vishikio ni vidogo vya ncha za vidole, 6b yao, daraja la kati tu, inakudhalilisha. Ndiyo kuta hizohizo ambako mwaka 2013 Alexander Megos alipanda njia ya Estado Crítico, daraja la 9a, miongoni mwa magumu kabisa, mara ya kwanza kuigusa, jambo ambalo kabla yake hakuna aliyewahi kulifanya kwenye daraja hilo.

Kijiji kilikuwa ngome ya mwisho ya Waislamu katika Katalunya, kikaanguka katikati ya miaka ya 1150. Wenyeji wanasimulia malkia aliyeruka gengeni na farasi wake ili asitekwe, na wanakuonyesha alama ya kwato kwenye jiwe la ukingoni. Nilisimama pale siku iliyofuata nikiwaza kwamba angalau yeye hakuwa amekodishiwa kamba.

Kwa hiyo nyota nne, tano hata, kwa Siurana. Kwa kampuni nilikuwa nimeshalainika mpaka mbili. Nikarudisha vifaa.

Niliikunja kamba vizuri, nikafunga utepe mweupe kwenye ncha iliyokatwa na kuandika 64, mkodi wa kesho aone. Nikamweleza kijana wa kaunta, taratibu, nikamwonyesha alama ilipo na katikati ilipo. Hakuishika. Akaniuliza kama kuna aliyeumia. Nikasema hapana. "Basi umerudi mzima, tatizo liko wapi?" Halafu, wallahi, akakata sehemu ya amana yangu kwa sababu kamba ina vumbi. Kamba ya kukwea miamba ina vumbi!

Nyota moja. Nimeirudisha moja.

Nilipokuwa nasubiri risiti aliichukua kamba, akaubandua ule utepe kwa ukucha, akaufinyanga na kuutupa, kisha akaitia kamba kwenye mfuko wake ulioandikwa 70 na kuuweka rafuni, safu ya mbele.