Fundi wa vigari vya plastiki hapa Section 58, Nakuru: mkono safi, ila subira uwe nayo

Nilimpelekea kigari cha Datsun 240Z cha Hasegawa (kampuni ya Japani ya vigari vya plastiki vya kujiunganishia), ile saizi ya 1/24, yaani ndogo mara 24 kuliko gari lenyewe, ya Safari Rally 1971, mimi mwenyewe niliiunganisha nikiwa darasa la saba na gundi ikamwagika kila mahali, rangi nikapaka na brashi ya ukuta karibu, aibu tupu. Jamaa akaiangalia akacheka, akasema hii inaokoka.

Kwanza aliiweka kwa friza usiku mzima, juu supagluu ikipata baridi inakuwa kama biskuti, sehemu zikaachana zenyewe ukizikunja kidogo. Pale nilitumia gundi ya plastiki hakuna ujanja, hiyo huyeyusha plastiki ikashikana kabisa, so alikata na msumeno mwembamba akajaza puti akapiga msasa. Rangi aliitoa kwa mafuta ya breki, yale ya kawaida ya duka la spea, na kroma ya bampa ikatoka na jiki. Nani angejua!

Windskrini ndio ilimshinda, ukungu wa supagluu umeingia ndani akasugua weee lakini ukiangalia kwa jua unauona bado. Stika za zamani pia zilienda, akachora namba kwa mkono, na laini moja imepinda ukiniuliza.

Alisema wiki mbili, nikangoja sita. Bei 2,500, lakini nikiiona hapo juu ya tivi sijutii hata bob, na kuna Toyota nyingine ya binamu nampelekea Jumamosi.