Feni ya laptopu isiyonyamaza: nilichopata kwa shilingi 30,000 za fundi

Nimemlipa fundi wa hapa Tanga shilingi 30,000 aifungue laptopu yangu, asafishe feni na kubadilisha pesti ya prosesa (ile dawa laini inayopitisha joto kutoka kwenye prosesa, yaani ubongo wa laptopu, kwenda kwenye bamba la kuipoza), na ikibidi nitamlipa tena bila kusita. Nalisema hili mapema kwa sababu wenye tatizo la feni isiyozimika huambiwa wanunue feni mpya, au wanunue laptopu nyingine, au wazoee tu. Mimi kuzoea sikuweza. Kazi yangu ni ya sauti: nasoma matangazo ya redio na kurekodi masomo ya kusikiliza, nyumbani, maikrofoni ikiwa meza moja na laptopu. Feni ikiunguruma, inaingia kwenye kila sentensi.

Najua mtu atauliza kwa nini nisiiondoe kelele baadaye kwa programu. Audacity ina kipengele cha Noise Reduction: unaichagulia sekunde chache za kelele tupu, inaisoma, halafu inaipunguza kwenye rekodi nzima. Ni kizuri sana kelele ikiwa ndogo na ya namna moja. Lakini feni inayopanda na kushuka inakishinda. Ukilazimisha, herufi za s na sh zinaliwa na sauti inabaki na majimaji. Mteja alinirudishia tangazo lote kwa sababu hiyo, na alikuwa na haki.

Laptopu yenyewe ni ya zile za maofisini zinazoingia nchini zikiwa zimeshatumika. Prosesa ni Intel Core i5-8250U, iliyotoka mwaka 2017. Imepangiwa wati 15, lakini ikipata kazi ya ghafla inajipandisha kasi kutoka 1.6 GHz hadi 3.4 GHz, na kwa muda huo inakula umeme kupita hizo wati 15. Umeme wote huo unaishia kuwa joto. Joto linapokelewa na bamba la shaba lililolala juu ya prosesa, linapita kwenye bomba jembamba la shaba hadi kwenye rejeta ndogo pembeni, na feni inapuliza hewa katikati ya mapezi ya rejeta hiyo. Njia ya kutokea ni hiyo moja. Ikizibwa popote, feni haina la kufanya ila kuongeza mbio.

Sasa ongeza hali ya hewa yetu. Rejeta haiwezi kupoa kuliko hewa inayoingia. Ofisi yenye kiyoyozi cha nyuzi 21 na chumba changu cha Februari chenye nyuzi 32 vinatofautiana kwa nyuzi 11, na tofauti hiyo karibu yote inahamia kwenye prosesa. Nikirekodi lazima nizime pangaboi na kufunga madirisha, la sivyo bodaboda na majogoo ya jirani vinaingia kwenye kazi. Kwa hiyo saa ile ninayohitaji ukimya ndiyo saa chumba kinapopanda joto na feni ya laptopu inapopiga kelele zaidi.

Kabla ya kwenda kwa fundi niliisikiliza kwanza, na nakushauri ufanye hivyo hivyo. Usiku, nyumba ikiwa imetulia, weka sikio karibu na upande wa kibodi feni iliko. Ukisikia mvumo wa upepo tu, hata uwe mkubwa kiasi gani, feni yenyewe ni nzima na inahangaika na joto. Ukisikia mkwaruzo, mlio wa kusaga au mtikisiko unaobadilika ukiiinamisha laptopu, hapo ekseli imelika, au kuna kitu kinagusa mapanga. Yangu ilikuwa mvumo mtupu. Nilifungua Task Manager, dirisha la Windows linaloonyesha programu zinazofanya kazi, nikakuta prosesa iko chini ya asilimia 5, hakuna programu inayoikamua. Kisha nikaweka HWiNFO, programu ya bure inayosoma vipimo vya joto vya ndani. Laptopu haifanyi lolote, kioo kinaonyesha picha ya ukutani tu, na prosesa iko nyuzi 69! Hapo nikajua shida haiko kwenye Windows. Joto lilikuwa linazalishwa kidogo na kutoka kwa tabu.

Duka la kwanza nililoipeleka, sitalitaja, walinitoza shilingi 10,000 kwa huduma waliyoiita sevisi. Hawakuifungua. Walichukua blowa, wakapuliza kwenye matundu ya chini na ya pembeni kwa nguvu zote mpaka feni ikapiga mluzi, vumbi kidogo likaruka, wakanirudishia. Ilitulia siku chache, ikarudi vilevile. Kupuliza namna hiyo kuna hasara mbili. Kwanza, upepo wa blowa unaizungusha feni kwa kasi ambayo haikutengenezewa, na unaweza kuua ekseli iliyokuwa nzima. Pili, uchafu mkubwa haukai pale unapouona. Umekaa ndani, kati ya mdomo wa feni na mapezi ya rejeta, na ukipuliza kutoka nje unausukuma tu urudi kwenye feni.

Fundi niliyempata baadaye yuko Ngamiani, kimeza kidogo mbele ya duka la simu, taa ya kuinamisha na mkeka wa mpira wenye vikombe vya kuwekea skrubu. Nilipomweleza akaniambia, "Dada, hii feni haijaharibika, inalia tu. Kaa hapo uone." Jambo hilo la kuniacha nikae nitazame ndilo lililonifanya nimwamini, maana wengi wanataka uache mashine upite jioni.

Alifungua kifuniko cha chini, na kitu cha kwanza alichogusa kilikuwa waya wa betri, akauchomoa. Nimeona mafundi wasiofanya hivyo, na skrubu moja ikiangukia bodi yenye umeme basi tena. Kisha akatoa feni yenyewe, siyo kuipulizia ikiwa mahali pake. Nyuma ya feni, mbele ya mapezi, palikuwa na utando wa kijivu umejaa kutoka kona hadi kona. Aliushika kwa kibano, ukatoka mzima, mzito, umeshonana kwa nywele, nyuzi za nguo na vumbi laini lililoshikana kwa unyevu wa pwani. Kuuinua juu ya taa, mwanga haupiti. Hewa ya feni yangu ilikuwa inapita kando kando ya huo utando, kama ilikuwa inapita. Mapezi aliyasafisha kwa brashi ya rangi iliyokatwa fupi, na alipofika kwenye kupuliza, alikizuia kipanga cha feni kwa kijiti cha kuchokolea meno kisizunguke.

Halafu bamba la shaba. Lina skrubu nne zenye namba 1 hadi 4 zilizogongwa kwenye chuma, na fundi mzuri anazifuata: anazilegeza kidogo kidogo kwa zamu, na wakati wa kurudisha anazikaza kwa mpangilio huo ili bamba lisibane upande mmoja. Pesti ya zamani ilikuwa imekauka, inamomonyoka kama chaki. Aliifuta kwa spiriti na kitambaa kisichotoa nyuzi mpaka kioo cha prosesa kikang'aa.

Hapa kuna jambo moja sikulipenda kwake. Pesti aliyotaka kutumia ilikuwa nyeupe, ya kwenye kipakiti kisicho na jina. Mimi nilikuwa nimeshaagiza Arctic MX-4 kutoka Dar, ikaja na basi, na nikamwomba atumie hiyo. Alikubali bila ubishi, lakini ingekuwa vyema awe nayo mwenyewe, au angalau amwambie mteja anachopakwa. MX-4 haina chembe za chuma na haipitishi umeme, kwa hiyo hata ikizidi na kumwagika pembeni haiunguzi kitu. Aliweka tone dogo, kama punje ya mchele, juu ya kioo cha prosesa. Hiyo inatosha, bamba likikaa litaisambaza lenyewe. Mrija wa gramu 4 unatosha laptopu kadhaa, kwa hiyo kilichobaki nimekiweka.

Matokeo: chumba kilekile, saa zilezile za mchana, bila kazi yoyote prosesa ikakaa nyuzi 47 hadi 49. Nilipoihamisha sauti ya somo zima kwenda MP3 huku kivinjari kikiwa wazi, ilifika 81, wakati zamani kazi hiyo ilikuwa inaipeleka 97. Prosesa hii ikifika nyuzi 100 inajipunguza kasi yenyewe ili isiungue, kwa hiyo zile 97 zilikuwa ukingoni kabisa. Na kweli kazi sasa inakwisha haraka zaidi, jambo ambalo sikulitarajia kwa sababu mimi nilifuata ukimya tu.

Lakini feni haikuzimika. Ilishuka sana, ikawa pumzi ndogo, ila ilikuwa inazunguka muda wote chaja ikiwa imechomekwa. Ukichomoa chaja, inasimama. Hapo usafi hauna la kusaidia, ni mpangilio. Baadhi ya laptopu za kiofisi zina kipengele ndani ya BIOS (mipangilio ya msingi ya mashine, inayofunguliwa kabla Windows haijawaka) kinachosema feni izunguke daima mashine ikiwa kwenye umeme. Kwenye baadhi ya modeli kimeandikwa "Fan Always On while on AC Power". Washa laptopu, ingia BIOS kwa F2 au F10 kutegemea mtengenezaji, tafuta kwenye mipangilio ya umeme, kizime, hifadhi. Si mashine zote zinacho, yangu ilikuwa nacho. Kuna watu wamenunua feni mpya kwa ajili ya mstari mmoja wa BIOS, na inaniuma kuliwaza hilo.

Cha mwisho nilichobadilisha ni kule Windows, kwenye Power Options, sehemu ya "Processor power management". Ukishusha "Maximum processor state" kutoka 100% hadi 99%, prosesa ya Intel kama hii haijipandishi tena na Turbo Boost. Kwangu maana yake ni kukaa kwenye 1.6 GHz, ambayo kwa kurekodi na kuandika inatosha kabisa. Nimetengeneza mpango wa umeme wa pembeni wenye 99% kwa ajili ya kurekodi. Nikimaliza narudi kwenye ule wa kawaida, maana kukata na kusafirisha faili kwa 1.6 GHz kunachosha. Mara nyingi narekodi kwa betri, chaja ikiwa imechomolewa, na huo mvumo mwembamba wa umeme unaoingia kwenye maikrofoni za bei nafuu nao unaondoka.

Kuhusu vile vibao vya kuwekea laptopu vyenye feni za USB: ninacho, na kwa kazi yangu sikipendekezi. Chenyewe kinapiga kelele, na feni zake hazikulingana na tundu la hewa la laptopu yangu, zikawa zinapulizia plastiki. Vifuniko viwili vya chupa chini ya miguu ya nyuma vimenisaidia zaidi, kwa sababu hewa inaingilia chini. Na usiiweke juu ya kitanda au mto, tundu lote linazibwa.

Programu za kuilazimisha feni ipunguze mwendo nilizikataa kabisa. Ukiinyamazisha feni wakati njia ya joto imezibwa, unaliacha joto likae ndani kwenye bodi, jirani na betri. Kwanza toa utando, halafu ndiyo uzungumze habari ya mwendo.

Kama ya kwako inakwaruza, hapo kweli feni inataka kubadilishwa. Fundi wangu alinitajia shilingi 45,000 kwa modeli yangu, feni na kazi. Kabla hujalipa, linganisha namba iliyo kwenye stika ya feni ya zamani na ile mpya, pamoja na idadi ya nyaya na umbo la soketi, maana feni mbili zinazofanana kwa macho zinaweza kukataa kuingiliana. Tone la mafuta ya cherehani kwenye ekseli linaweza kuituliza wakati unasubiri mzigo ufike, lakini usitegemee lidumu. Na kama laptopu bado ina waranti, usimpe fundi wa mtaani aifungue. Irudishe uliponunua, waifungue wao.

Kwa anayetaka kununua iliyotumika: mwombe muuzaji aiwashe, cheza video dakika ishirini hivi huku mnapatana bei, kisha weka kiganja kwenye mdomo wa hewa pembeni. Hewa ya moto inayotoka kwa nguvu ni dalili nzuri. Kelele kubwa na hewa hafifu maana yake ndani kuna utando kama ule wangu, basi mpunguzishe 30,000 papo hapo.