Fundi wa mizani ya kompyuta: mizani inasoma, lakini milango yote kaiacha wazi

Nina kituo kidogo cha kununulia parachichi hapa Tukuyu, na huyu fundi aliyetoka Mbeya mjini kunifungia mfumo bado ananichemsha damu. Mwanzoni nilimsifu kwa kila mtu. Uzito unatoka kwenye mizani unaingia kwenye kompyuta ya Linux, risiti inatoka, mkulima anaondoka na karatasi yake. Safi kabisa.

Halafu ikaja ile asubuhi ya mvua. Foleni imefika barabarani, bodaboda zinashusha kreti, na kwenye skrini badala ya kilo zinatoka alama hazisomeki. Mama mmoja akanitazama usoni: "Baba, mzigo wangu unaupima au unaukadiria?" Sikuwa na jibu. Mkulima akishaitilia shaka mizani, kesho anapeleka kwa mwingine.

Usiku nikakaa na ile mashine hadi nikaona. Mizani inaingilia poti ya USB inayoitwa /dev/ttyUSB0 na inaongea kwa kasi ya biti 9600 kwa sekunde. Karani alikuwa amechomeka modemu ya intaneti, na programu ya modemu ikapita kwenye kila poti kutafuta modemu yake, ikafungua na ya mizani, ikabadilisha kasi. Iliruhusiwaje? Fundi aliandika kanuni moja ya udev, sehemu ya Linux inayopanga ruhusa za vifaa, inayogawa 0666, yaani kila mtu asome na aandike, kwa vifaa vyote. Vyote! Mpaka /dev/sda, diski yenye hesabu za wakulima wangu wote. Mwenye akaunti yoyote pale angeweza kuifuta. Na kilichohitajika ni kumwingiza mtumiaji mmoja tu kwenye kundi la dialout, lenye ruhusa ya poti kama hiyo.

Hapa ndipo panaponiuma. Kerneli, kiini cha Linux, hukagua ruhusa za faili pale kifaa kinapofunguliwa. Ukishaingia, amri za ioctl, yaani maagizo kwa kifaa chenyewe kama hilo la kubadilisha kasi, haziziangalii tena. Ni juu ya draiva, programu inayoendesha kifaa, kuamua amri ipi idai mamlaka zaidi. Sasa ukiufungua mlango wenyewe kwa kila mtu, umebakiza nini? Hata TIOCEXCL, amri inayozuia watumiaji wa kawaida kufungua poti ambayo tayari inatumika, programu yake haikuiomba.

Nikampigia simu. "Mzee, mizani inasoma au haisomi? Hayo mengine ni ya wasomi." Akakata.

Kwa haki, si yote ni yake. Linux yenyewe ilichelewa: SELinux, mfumo wake wa ulinzi, ilianza kuchuja ioctl amri kwa amri kwenye kerneli 4.3, mwaka 2015, na Landlock, mfumo mwingine wa ulinzi, ikapata udhibiti wa ioctl za vifaa kwenye 6.10, mwaka 2024. Hayo simdai fundi wa mtaani. Waya amezipitisha vizuri, bei hakunionea, na alipanda huku siku ya mvua. Nilishaamua kumpa nyota tatu.

Ila dialout siyo mambo ya wasomi. Ni mstari mmoja, na aliujua, maana kwenye faili lake nimeukuta, kauandika kisha kauwekea alama ya reli (#) mbele usifanye kazi. Aliona unamchelewesha. Nyota moja, na hiyo ni ya waya. Mkimwita, kabla hamjamlipa mwambieni aandike ls -l /dev, amri inayoonyesha ruhusa za kila kifaa, mbele yenu, na asome kwa sauti.